Mtoto wa mbwa na kamba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mbwa wa kati ya wiki 8 na miezi 6, awe wa kienyeji au wa mbegu ya nje, awe wa nyumba yenye ua au ya ghorofani. Kama ndiyo kwanza unaanza, soma sehemu mbili za mwanzo kwa mpangilio, kwa sababu kila hatua inategemea iliyotangulia. Mwenye tatizo moja tu aende moja kwa moja kwenye swali lake.

## Kabla ya kuanza

1. Nianze akiwa na umri gani?

Anza mara tu anapoizoea nyumba, hata kama ana wiki 8. Kuanza hapa ni kumvisha kola na kumwacha aburute kamba sebuleni, barabara bado. Kuanzia wiki ya 3 hadi takriban wiki ya 14 mbwa hupokea mambo mapya kwa wepesi ambao hataupata tena maishani, na atakachokutana nacho kwa utulivu katika kipindi hicho hakitamtisha sana baadaye.

Wenye mbwa wakubwa wasisubiri. German Shepherd, Rottweiler au Boerboel akifika miezi 6 anaweza kupita kilo 20, na mbwa wa uzito huo aliyezoea kuvuta hashikiki kirahisi.

2. Hajamaliza chanjo. Naweza kumtoa nje?

Ndani ya ua usioingiwa na mbwa wengine, ndiyo. Chini barabarani, bado. Hatari kubwa ni parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache. Kirusi chake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata pale ambapo hakuna kinyesi kinachoonekana. Chanjo ya mchanganyiko huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3. Daktari wa mifugo atakupa ratiba kamili. Mtoe barabarani wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho.

Lakini usimfungie ndani miezi yote hiyo. Mbebe. Kaa naye mapajani nje ya geti dakika kumi jioni aone bodaboda, watoto wa shule, mama anayeuza maandazi, asikie adhana na honi. Mbwa aliyefichwa hadi miezi minne hutoka akiwa na chanjo kamili na hofu ya kila kitu.

Kama gharama ya chanjo ya kichaa ndiyo kikwazo, ulizia ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe kuhusu chanjo za bure. Nyingi hufanyika karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

3. Kola au mkanda wa kifuani?

Vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake. Kola ya nailoni laini, bapa, avae kila siku, na jina lako na namba ya simu viandikwe juu yake. Kamba uifunge kwenye mkanda wa kifuani wakati wa mafunzo, kwa sababu mbwa mdogo atakurupuka tu, na akikurupuka akiwa kwenye kola mzigo wote unaishia kooni. Kwa mbwa wenye uso bapa, kama Pug na Bulldog, ambao kupumua kwenyewe ni kazi, usitumie kola kabisa kwa kamba.

Chagua mkanda unaotengeneza umbo la herufi Y kifuani, ukiacha mabega yacheze. Ule wenye utepe mmoja unaokatiza kifua kwa ulalo huzuia mguu wa mbele kunyooka.

Vipimo: vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, na vivyo hivyo kati ya mkanda na mbavu. Pima kila wiki, kwa sababu anakua upesi kuliko unavyodhani. Kola iliyosahaulika shingoni hukata ngozi, na jeraha hilo hufichwa na manyoya mpaka linuke.

4. Kamba ipi inafaa?

Urefu wa mita 1.5 hadi 2, upana wa sentimita 1 hadi 1.5 kwa mbwa mdogo, na kulabu nyepesi. Kulabu kubwa ya chuma humpiga kidevuni kila anapogeuka, naye huona kamba ndiyo inayompiga.

Kamba ya katani hukwangua viganja na ikilowa hukauka ngumu. Mnyororo ni mzito, unapiga kelele, na ukiponyoka unakata mkono. Kamba ya kujikunja yenye kifaa cha plastiki haifai kwa anayejifunza: inabaki imekaza muda wote, kwa hiyo inamfundisha kwamba kuvuta ndiyo njia ya kupata urefu zaidi.

Ukiikosa dukani, fundi viatu anaweza kukutengenezea nzuri kuliko nyingi za dukani. Mpelekee mita 2 za mkanda wa nailoni wa mabegi na kulabu ndogo yenye springi inayozunguka shingoni mwake, ili kamba isijisokote. Akunje sentimita 20 upande mmoja kuwa kitanzi cha mkono, na sentimita 5 upande wa kulabu, kisha kila kunjo alishone kwa mraba wenye msalaba katikati. Mshono wa mstari mmoja hufumuka. Kabla ya kuitumia, kanyaga upande mmoja na uvute mwingine kwa nguvu zako zote.

5. Zawadi gani nimpe, na kiasi gani?

Kitu laini, chenye harufu, kinachomezwa bila kutafunwa sana: kifua cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, nyama ya ng'ombe, yai la kuchemsha, ini la kuku kidogo. Dagaa wakavu wanapendwa mno, ila wengi wana chumvi. Waloweke na ubadilishe maji kwanza. Kata vipande vya ukubwa wa nusu ya punje ya njegere. Mbwa hajali ukubwa wa kipande, anahesabu mara ngapi kimekuja.

Zawadi zote za siku zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Akianza kuharisha, tumia chakula chake cha kawaida akiwa na njaa, yaani kabla ya mlo. Usimpe chokoleti, kitunguu, zabibu, wala mifupa iliyopikwa.

## Hatua za mwanzo

6. Nimemvisha kola, anajikuna na kujibiringisha. Nimvue?

Usimvue akiwa katikati ya kujikuna, atajifunza kwamba kujikuna huondoa kola. Mpe chakula au mchezo, akisahau kidogo ndipo umvue. Siku za kwanza mvishe wakati wa kula tu, kisha ongeza muda. Wengi huacha kuijali ndani ya siku mbili au tatu. Asipozoea kabisa, angalia kama imembana, au kama ana viroboto chini yake.

7. Kamba yenyewe niianzishe vipi?

Ndani ya nyumba, na bila wewe kuishika. Ifunge, mwachie aiburute dakika tano huku ukicheza naye. Usitoke chumbani: kamba hunasa kwenye mguu wa meza, na mbwa aliyenaswa peke yake hupata hofu ambayo utaipigania kwa wiki.

Wakati huohuo mfundishe neno la sifa. Sema "Safi!" kisha mpe kipande, mara kumi mfululizo, bila kumwomba lolote. Ukiona neno limemfanya ageuke haraka kukutazama, limeshaingia. Kuanzia hapo "Safi!" itakuwa ahadi: inatamkwa sekunde ileile anapofanya sawa, na kipande kinafuata bila kukosa. Ukichelewa sekunde tatu utakuwa umesifu kitu kingine alichokwisha kufanya.

Chagua pia neno la kuondoka, mfano "Twende". Nyumba nzima itumie hilohilo.

8. Kwa nini nikimvuta naye anavuta upande wake?

Mwili wa mbwa ukisukumwa au kuvutwa hujibana kinyume ili usianguke. Si ukaidi. Kwa hiyo kabla ya kutembea, mfundishe kwamba mvuto mdogo ni ishara ya kusogea, na kwamba akisogea unaisha.

Simama hatua moja kutoka kwake. Kaza kamba kwa vidole viwili tu, kwa nguvu ya kufunga droo, halafu tulia. Usiongeze nguvu, usilegeze, usiongee. Mwanzoni atasimama kidete. Baada ya sekunde kadhaa atainamisha kichwa au kuhamisha uzito wa mguu kuelekea kwako. Papo hapo legeza kamba yote, sema "Safi!", mpe. Ule ulegevu ndio unaofundisha zaidi ya nyama. Rudia mara tano kwa kila upande, mbele, kulia, kushoto. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kama miezi ijayo itakuwa ya kutembea au ya kuburutana.

9. Hatua za kwanza nikiwa nimeshika kamba zinakwendaje?

Chumbani au kwenye korido. Tuseme umechagua awe kulia kwako (tazama swali la 11). Kitanzi cha kamba kiwe mkono wa kushoto, kamba ipite mbele ya mapaja na kuning'inia kwa umbo la herufi U hadi kifuani kwake. Mkono wa kulia uwe na vipande vitano.

Sema "Twende", piga hatua moja. Akija, "Safi!", na kipande kishuke kwenye mshono wa suruali yako, usawa wa mdomo wake. Mahali kipande kinapotokea ndipo atakapotaka kuwa. Ukimlisha mbele yako atatembea mbele yako akikukanyaga. Ukimlisha juu atakurukia.

Hatua moja ikikubali mara tano, ziwe mbili, halafu tatu, tano, nane. Akikosea mara mbili mfululizo, rudi nyuma kiwango kimoja. Korido ikishakuwa rahisi, hamia uani. Uani kukiwa rahisi, nenda getini. Kisha mita ishirini nje ya geti. Kila mahali papya anza tena na hatua moja, hata kama ndani alikuwa anatembea ishirini. Kwa mbwa, somo la sebuleni na la barabarani ni masomo mawili mpaka uyaunganishe.

10. Mazoezi yachukue muda gani?

Dakika 3 hadi 5, mara tatu au nne kwa siku. Kwa matembezi yenyewe, wengi hutumia kipimo cha dakika 5 kwa kila mwezi wa umri, yaani dakika 15 kwa wa miezi 3. Ni kadirio tu. Mtazame yeye: akianza kubaki nyuma, kukaa, au kutafuna kamba kwa fujo, muda umekwisha.

11. Atembee upande gani wangu?

Chagua mmoja na udumu nao. Mbwa wa mashindano na wa polisi huwekwa kushoto, ila kwa barabara zetu zisizo na njia ya waenda kwa miguu kuna sababu ya kufikiria upya. Kenya, Tanzania na Uganda magari hupita kushoto; anayetembea kwa kuyakabili magari hukaa ukingo wa kulia, nayo yanampita upande wake wa kushoto. Mbwa akiwa kulia, mwili wako unakuwa kati yake na magurudumu. Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita kulia, geuza: tembea ukingo wa kushoto na mbwa awe kushoto.

## Mambo yanapokwenda kombo

12. Anavuta mbele muda wote. Nifanyeje?

Jiulize kwanza kuvuta kunampa nini. Anavuta kuelekea kwenye nguzo, wewe unafuata, anafika kwenye nguzo. Kuvuta kumelipa. Kazi yako ni kuhakikisha kamba iliyokaza haifikishi popote, na iliyolegea inafika.

Kamba ikikaza, simama. Usirudi nyuma kwa kishindo, usiseme "hapana". Simama mikono ikiwa imebanwa tumboni, usubiri. Akigeuka au kurudi hata nusu hatua kamba ikalegea, "Safi!", na kipande apewe ubavuni kwako ili arudi mpaka pale, ndipo muendelee. Siku za mwanzo utasimama mara nyingi kuliko kutembea, na mita hamsini zinaweza kula robo saa.

Ukiona umesimama na yeye ameganda kabisa akiangalia mbele, badili njia: sema "Twende" kwa sauti nyepesi, geuka na uondoke upande mwingine. Akikufikia ubavuni, mlipe.

Kinachoharibu ni kuchanganya. Ukisimama leo, kesho una haraka ukamfuata, atajifunza kwamba kuvuta wakati mwingine hulipa, na tabia inayolipa kwa bahati ndiyo ngumu kuliko zote kuiondoa. Kwa hiyo siku ya haraka mbebe, au usimtoe. Kama askari wa getini au msaidizi wa nyumbani ndiye anayemtembeza, mwonyeshe utaratibu huu kwa vitendo, maana bila hivyo unajenga asubuhi na jioni inabomolewa.

13. Anakaa chini na kugoma. Nimburute?

Usimburute. Tafuta sababu, kwa mpangilio huu: mkanda umembana au umemkwaruza kwapani? Lami ina moto (swali la 18)? Kuna kitu kinamtisha mbele, pengine umbali ambao wewe hukioni wala kukisikia? Amechoka? Anachechemea, au kuna mwiba kati ya vidole?

Kama ni hofu tu ya kuondoka nyumbani, na hii huwapata wengi, geuza safari: mbebe mita hamsini kutoka getini, mweke chini, mrudi nyumbani kwa miguu. Karibu kila mtoto wa mbwa hutembea vizuri akielekea kwao. Kila siku ongeza umbali kidogo. Anapogoma, chuchumaa ukimpa ubavu, usimkazie macho, kamba ilegee, subiri. Akipiga hatua moja mwenyewe, mlipe vizuri.

Ila angalia usimwonyeshe nyama kila anapokaa. Zawadi ije baada ya hatua, la sivyo atakaa ili uitoe.

14. Anatafuna kamba.

Kati ya miezi 3 na 6 meno yanabadilika na ufizi unawasha, kwa hiyo kutafuna kwenyewe si kosa. Kosa ni mvutano unaofuata, kwa sababu kwake huo ni mchezo mtamu. Akiishika, legeza mkono wako kabisa ili kamba isiwe na uhai, kaa kimya. Akiachia, "Twende" na mlipe kwa hatua. Beba kitambaa kilichofungwa fundo umpe abebe mdomoni. Wengine hutembea kwa amani wakiwa na mzigo wao. Akifanya hivyo kila mara mwishoni mwa matembezi, unamchosha: tazama swali la 10.

15. Ananusa kila kitu. Nimzuie?

Hapana, tumia kunusa kama malipo. Akitembea hatua kumi kamba ikiwa imelegea, mwambie "Nusa" na umpeleke kwenye majani. Dakika kumi za kunusa humtuliza kuliko nusu saa ya kuharakishwa. Mzuie kwenye majalala, mitaro ya maji machafu, na nyama iliyotupwa ovyo, kwa kuwa mitaa mingine watu hutega sumu.

16. Anawarukia wapita njia.

Fupisha kamba kabla mtu hajafika, mweke mbwa upande wa mbali, mpe vipande vitatu vinne mfululizo mtu anapopita. Anayetaka kumpapasa asubiri miguu yote minne iwe chini.

Hili ni jambo la heshima pia. Mwambao wote, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Kanzu ikiguswa na pua yenye unyevu, mwenyewe hulazimika kuosha mara saba, moja ikiwa kwa udongo, kabla ya kuswali. Kwa hiyo wakati wa swala usipite njia ya msikitini, na kwenye kichochoro simama kando, mkalishe mbwa nyuma ya miguu yako, watu wapite. Hata asiye na sababu ya dini anaweza kuwa aliwahi kung'atwa. "Hang'ati huyu" haimsaidii.

## Barabarani

17. Anaogopa bodaboda na magari.

Tafuta umbali ambao anaiona pikipiki na bado anakula, iwe mita thelathini au sitini. Kaa hapo. Pikipiki ikitokea, mpe vipande mpaka ipotee; ikipotea, acha kumpa. Baada ya siku kadhaa ataisikia na kukugeukia akingoja chake. Sasa sogea mita chache. Akikataa kula, umekaribia mno, rudi. Usimpeleke stendi "azoee". Mbwa aliyejawa hofu hazoei, anaganda tu, na siku moja atang'oka kwenye kola na kukimbilia barabarani.

Anayeogopa atembee na mkanda wa kifuani uliobana vizuri, kwa sababu hurudi kinyumenyume na kola huvuka kichwani.

18. Saa ngapi nzuri kwa joto la kwetu?

Pwani na maeneo ya joto, kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au jioni baada ya saa 11. Jua likizama lami bado hushika moto, hivyo weka mgongo wa mkono wako juu yake kwa sekunde 7. Ukishindwa, nyayo zake nazo zitaungua. Pita kwenye majani au udongo.

Dalili za kuzidiwa na joto: kuhema kwa kasi bila kutulia hata kivulini, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumba. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, na uende kwa daktari hata kama anaonekana amepata nafuu.

19. Mbwa koko wakitujia?

Usikimbie, usipige kelele. Jiweke kati yao na wako, kamba fupi lakini isimnyonge, ondokeni polepole kwa kukata kona. Mbwa koko akiendelea kuja, mtupie konzi ya vipande vya chakula usoni kwake. Mbwa wengi wa mtaani husimama kuvila. Kuinama kama unayeokota jiwe nako huwarudisha wengi nyuma. Mbwa mdogo sana mnyanyue kabla hawajafika. Wakishafika, kumnyanyua huwafanya warukie mikono yako.

Ukiumwa wewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa, hata kama ni mkwaruzo. Dalili zikishaanza ugonjwa huo hautibiki. Mbwa wako apelekwe kwa daktari wa mifugo hata kama amechanjwa.

20. Nikirudi nyumbani nimkague nini?

Kupe: ndani ya masikio, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia, chini ya kola. Mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kumminya, na usimpake mafuta ya taa. Halafu nyayo, kama zimechubuka. Njiani beba mifuko miwili, wa kinyesi na wa akiba.

21. Wapi anaruhusiwa?

Msitu wa Karura jijini Nairobi hupokea mbwa waliofungwa kamba. Hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu wanyama wa nyumbani. Fukwe hutegemea mahali, uliza kwanza.

## Hali za pekee

22. Ni wa ulinzi. Akizoea kamba si atapoteza ukali?

Hapana. Kubweka kwa mgeni usiku na kutembea bila kuvuta mchana ni mambo mawili tofauti. Kinachoharibu mlinzi ni kufungwa mnyororo mchana kutwa: anakuwa mkali kwa kila kitu kinachosogea, pamoja na mtoto wa nyumbani, na siku akiugua hakuna anayeweza kumpeleka kwa daktari. Mbwa anayeongozwa kwa kamba anabebwa kwenye gari, anachanjwa, na anakabidhiwa kwa mlinzi mpya bila mtu kuumia.

23. Minyororo ya kunyonga inafaa?

Kwa mtoto wa mbwa haifai kabisa. Koromeo bado ni laini, na maumivu huunganishwa na chochote alichokuwa anakitazama wakati huo: mtoto, mbwa mwingine, baiskeli. Baada ya muda unapata mbwa asiyevuta lakini anayechukia baiskeli.

24. Nina wawili wa mzazi mmoja. Niwatembeze pamoja?

Wafunze mmoja mmoja hadi kila mmoja aweze peke yake, ndipo uwaunganishe, mwanzoni na watu wawili na kamba mbili. Wakianza pamoja husikilizana wao kwa wao, na anayebaki nyumbani peke yake hulia.

25. Mtoto wangu anaweza kumshika?

Akiwa na wewe, ukiwa na kamba ya pili kwenye mkanda huohuo. Asijifunge kamba kiunoni wala kuizungusha mkononi. Mbwa akikurupuka, vidole huvunjika. Njia salama kwa kila mtu ni kuingiza kidole gumba kwenye kitanzi na kukunja ngumi.

26. Nimempata akiwa na miezi 8 na hajui kamba.

Njia ni ileile, kuanzia swali la 7, ila nguvu zake ni kubwa. Tumia mkanda wenye pete mbele ya kifua: akivuta, mwili wake unageuzwa kukuelekea badala ya kupata msukumo. Kama alifungwa mnyororo tangu utotoni, tumia muda mrefu zaidi kwenye swali la 8, kwa kuwa amezoea kulemea mvuto.

27. Alikuwa anatembea vizuri, ghafla amebadilika.

Kati ya miezi 6 na mwaka ni balehe. Anasahau, anavutwa na harufu, dume anataka kuweka alama kila kona. Rudi kwenye ile hatua moja ya swali la 9, ongeza malipo, usiongeze ukali.

Lakini kama mbwa aliyekimbilia mlangoni kila ukigusa kamba sasa halalamiki, ila hataki tu kuinuka, mfunue mdomo uangalie ufizi. Ukiwa umepauka au wa njano, ana joto, hali chakula, au mkojo una rangi ya chai, fikiria homa ya kupe, ambayo ni ya kawaida Afrika Mashariki hata kwa mbwa ambaye hujamwona na kupe. Hapo acha mafunzo, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo akapimwe damu.

28. Lini nimwachie bila kamba?

Mtaani, usimwachie. Mahali palipozungushiwa uzio, baada ya kurudi kila akiitwa akiwa kwenye kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si kwenye kola. Mwite mara moja tu; asipokuja, sogea uishike kamba, mrudishe polepole, na zoezi linalofuata lifanyike kwa umbali mfupi zaidi.